Loda Haikula Vumbi: Tunamuaga Fundi Mkuu wa Karakana Yetu

Tarehe 30 Juni, fundi mkuu wa karakana yetu atakabidhi funguo za kabati lake la zana, baada ya miaka thelathini na moja ya kazi katika machimbo haya ya kokoto. Alianza kama msaidizi wa kupaka grisi, akawa fundi wa dizeli, kisha fundi mkuu. Muda wote huo hakuhama karakana, ingawa aliwahi kupewa meza ofisini. Alikaa kwenye kiti cha ofisi asubuhi moja, akasema kinamuumiza mgongo, akarudi kulala chini ya greda ambako mgongo haukumuuma. Wengi wenu hamlijui jina lililo kwenye kitambulisho chake. Sisi tunamwita Mzee Subiri, na kwa jina hilohilo tunamuaga.

Nimeombwa kuandika wasifu huu mimi dereva wa loda, ile mashine yenye kijiko kikubwa mbele inayochota kokoto kwenye lundo na kuzipakia kwenye malori. Kalamu si chombo changu, mtanivumilia. Ila kati yangu na mzee huyu lilipita jambo zito, na nadhani ndiyo sababu mzigo huu umeniangukia mimi.

Jina la Subiri alilipata kwa mdomo wake mwenyewe. Mashine ikiingia karakana inafuka moshi, mafundi wote mikono inawawasha, kila mtu anatafuta spana. Yeye anasema subiri. Kwake hakuna kugusa boliti mpaka injini ionekane ikiwa baridi, ionekane ikishapata moto, na ionekane ikiwa mzigoni. Moshi mweusi, alitufundisha, ni wa injini inayokula kuliko inavyopumua, basi tafuta hewa kabla hujazilaumu nozeli zinazopulizia dizeli. Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto, kuna maji yanayoingia au dizeli isiyoungua. Wa bluu ni oili inayoungua, na huo ndio wa kuogopa. Alikuwa akishika kipande cha boksi juu ya bomba la ekzosi, kisha anakipapasa aone kama kimepata masizi makavu au madoa ya oili. Mwisho ananusa kidole, na hapo karakana nzima inamkodolea macho kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani.

Tabia hiyo alikwenda nayo mpaka nyumbani. Mkewe, ambaye kwetu sote ni shemeji, hakuwahi kupika kwa amani. Mzee akiona moshi unatoka jikoni anachungulia dirishani na kutangaza kwamba jiko linakosa hewa. Siku moja shemeji alichoka, akamkabidhi mwiko na kumwambia amalizie fundi mwenyewe. Chakula cha siku hiyo hakikulika, lakini kwa kauli ya shemeji, moshi ulikwisha kabisa.

Mtunza stoo wetu, ambaye kwa vipuri ni mkono wa birika na yeye mwenyewe halikatai hilo, alikuwa akimpa Subiri anachotaka bila maswali. Alijua mzee akichukua gasketi moja, harudi kesho kuomba ya pili. Sisi wengine tuliandikiwa karatasi hata kwa tambara la kufutia mikono.

Sasa nifike kwenye loda.

Miaka kadhaa iliyopita kampuni ilinunua loda iliyokwisha kutumika kwingine. Ilikuja imepigwa rangi mpya ya njano kila mahali, hata mipira na waya, inapendeza kama imeshuka kutoka kiwandani leo. Nikapewa mimi. Ilifanya kazi vizuri kwa muda, kisha ikaanza kuchoka. Ikisimama inanguruma bila tatizo. Ukiingiza kijiko kwenye lundo na kukanyaga mafuta, inazidiwa, inatoa moshi mweusi wenye ubluu ndani yake, na nguvu inakata. Nikawa najaza kijiko nusu, malori yanapanga foleni, na madereva wake wananipigia honi.

Hapa inabidi nieleze kitu kwa wale wa ofisini. Kuna ujanja mbaya ambao baadhi ya madereva wa mitambo huufanya. Chujio la hewa likiziba, wanalitoa na kuendesha bila chujio ili mashine ipate nguvu. Nguvu inarudi kweli, lakini injini inavuta vumbi la mawe na kulisaga ndani ya silinda mpaka inakwisha. Hiyo ndiyo tunaita injini kula vumbi, na dereva anayekamatwa kwa kosa hilo anamwaga unga. Mimi sikuwahi kulifanya. Ila mchana mmoja msimamizi wa mitambo alinikuta nimefungua kifuniko cha chujio, nalikung'uta, na hilo likamkaa kichwani.

Subiri aliitwa. Alifika kwa haraka ambayo hatukuizoea, akaiwasha loda palepale uani, akakanyaga mafuta, akaona ubluu. Kipande chake cha boksi kikatoka na madoa ya oili. Msimamizi akamweleza habari ya kifuniko. Mzee akasema, hii imekula vumbi, akafuta mikono na kuondoka. Hakuipeleka kwenye lundo. Hakuniuliza mimi kitu. Na kwa kuwa neno lake kuhusu moshi lilikuwa halina rufaa, nilisimamishwa kazi mpaka injini ifunguliwe.

Siku zile ninazikumbuka vibaya. Kaka wa mke wangu, ambaye kwa utani hana mpinzani, alipita nyumbani akaanza kuniuliza habari za kazi, akakumbuka katikati, akageuza maneno yawe habari za mvua. Binti yangu mkubwa alirudi kutoka shule akitaka kujua kama ni kweli baba yake ameua loda. Mafundi wa mitambo wanafahamiana na wanapigiana simu, na dereva mwenye sifa ya kulisha injini vumbi hapewi ufunguo popote. Nilimkasirikia sana Subiri. Naliandika hilo waziwazi kwa sababu yeye mwenyewe analijua.

Injini ikafunguliwa. Hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, ikatoka, pistoni zikatoka, na kuta za silinda zikaonekana safi, hazina mkwaruzo, ile mistari myembamba ya kiwandani bado iko vilevile. Injini iliyokula vumbi haiwi hivyo. Vumbi la mawe linafanya kazi kama msasa, na mistari ile ndiyo ya kwanza kufutika. Waliokuwepo wanasema alizipapasa kuta zile kwa kidole muda mrefu. Yeye ndiye aliyekuwa na kazi ile, na hakuna aliyekuwa akimchungulia. Angeweza kuzivalisha pistoni ringi mpya, kufunga injini, kuendelea kutafuta ugonjwa taratibu, na akiupata aseme tu kwamba mashine imepona. Mimi ningekuwa nimeshaondoka zamani.

Alinawa mikono akaenda ofisini. Mbele ya meneja na msimamizi alisema kwamba amekosea, injini haikula vumbi, na dereva hana kosa. Meneja akamuuliza, kama si vumbi, ni nini. Akajibu kwamba hajui bado.

Jibu hilo nimelifikiria mara nyingi nikiwa juu ya mashine. Wengi wetu tukikosea tunangoja kwanza tupate jibu sahihi, ndipo tukiri, ili jibu litusitiri. Yeye alikwenda mikono mitupu, fundi mkuu mzima, akasema sijui. Aliona kwamba kila siku atakayoitumia kutafuta jibu ni siku nyingine mimi nakaa nyumbani na lawama isiyo yangu.

Jioni hiyo alikuja kwangu akiwa amevaa shati safi. Alikataa kukaa mpaka mke wangu na watoto waitwe, akisema aibu iliwafikia wote, kwa hiyo maneno yake wayasikie wote. Kisha akamgeukia binti yangu na kumwambia kwamba baba yake hakuharibu mashine, kwamba yeye ndiye aliyemsema vibaya, na amekuja kuyaondoa maneno yake. Mke wangu alimletea chai. Mimi nikamvutia kiti.

Hakujitetea kwa sababu yoyote. Ni baada ya muda mrefu ndipo mtunza stoo aliponiambia kwamba siku ile ya kuhukumu uani, shemeji yetu alikuwa amelazwa akingoja upasuaji, na mzee alikuwa anakimbilia hospitali kabla ya saa za kuona wagonjwa kwisha. Angelisema hilo, nani asingemwelewa? Hakulisema ofisini, na hakulisema kwangu.

Injini ilipofungwa, aliomba nirudi mimi na si dereva mwingine, kwa kuwa mimi ndiye niliyejua ni wapi inakata nguvu. Nikapeleka kijiko kwenye lundo, yeye amesimama pembeni, kifuniko cha injini kiko wazi. Nilipokanyaga mafuta, ule mpira mnene unaopeleka hewa kutoka kwenye chujio hadi kwenye tabo, ile feni inayoisukumia injini hewa, uliingia ndani kama mashavu ya mtu anayevuta kinywaji kwa mrija. Kwa nje rangi ya njano ilikuwa imeuficha uzee wake. Kwa ndani utando wake ulikuwa umebanduka na kujikunja. Mashine ikisimama, hewa inapita. Ikipewa mzigo, mpira unajiziba, injini inakosa pumzi na kutoa moshi mweusi, na tabo ikinyonya bila kupata hewa inavuta oili kupitia sili yake inayopaswa kuizuia, ndipo ubluu unapoingia. Mpira mpya ulifungwa, na loda ikachota kijiko mpaka kikafurika. Mzee alinipa mkono. Mashine hiyo ninaiendesha mpaka leo.

Kuanzia hapo iliwekwa kanuni karakana, na yeye ndiye aliyeidai: hakuna fundi kumtaja dereva kwa ubovu wa injini mpaka mashine ijaribiwe mzigoni, dereva huyohuyo akiwa kitini. Mafundi aliowalea wameichukua kanuni hiyo na kwenda nayo kwenye karakana wanazoziongoza wao sasa. Nikiulizwa mafanikio yake makubwa ni yapi, sitataja injini hata moja kabla ya hilo.

Rasimu ya kwanza ya wasifu huu haikuwa na habari ya loda. Niliiacha kwa heshima, maana siku ya kumuaga mtu hatuyataji makosa yake. Nikampelekea asome. Akanirudishia siku hiyohiyo na kusema kwamba kama loda haimo, na yeye atolewe. Alisema mafundi wanaobaki watakosea, na kila mmoja atadhani yeye ndiye wa kwanza kukosea, ataficha, na chini ya kosa lililofichwa daima kuna mtu amelaliwa. Anataka wajue kwamba mkubwa wao alikosea mbele ya watu, akasema mbele ya watu, na watu haohao wakaja kumuaga.

Basi tumekuja, mzee wetu. Shemeji, tunakurudishia mumeo, jiko ni juu yenu wawili. Karakana inakushukuru kwa mashine zote ulizozirudisha kazini, na tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na mapumziko yenye amani. Mimi, mke wangu na watoto wangu tunakushukuru kwa siku ile uliyoingia ofisini ukiwa huna jibu, ukaniombea haki yangu kwanza.