Chuma Kilichofunguliwa Ili Mgeni Asiiname

Mgeni rasmi, zulia umelitazama, maua umeyatazama, simu umeitazama mara tatu. Mlango uliopitia hukuutazama. Hata mwaka 2017, ulipokuja kuweka jiwe la msingi, ulitazama saa tu. Sisi hatusahau. Hata hivyo, karibu Jambiani.

HISTORIA
Sisi ni mafundi kumi na wawili wa kuchomea vyuma. Ghala hili la mwani, la orofa mbili, tumelisimamisha kwa mafunzo ya mhandisi wetu, Bi Mwatum. Upepo ukilisukuma, jengo la chuma hutaka kulala ubavu. Ndiyo maana likafungwa vyuma vya mshazari. Lakini chuma kitupu kikibanwa hupinda. Basi tukakipaka grisi zege lisikishike, tukakitia ndani ya bomba, tukalijaza zege. Bomba halibebi mzigo. Kazi yake ni kumkatalia mwenziwe kupinda.

MAFANIKIO
Mwanzo hatukuamini. Msabah, fundi mwenzetu mwenye kilo mia na haya kidogo, alipanda juu ya kipande kitupu, kikapinda kama mkia wa paka. Kilichovaa bomba alikipanda na Yussuf begani. Kikanyamaza.

CHANGAMOTO
Alhamisi afisa wako wa itifaki alikuja kukagua njia, akakuta chuma cha mshazari kimekatiza mlango wa mbele.

"Mheshimiwa hainami," akasema.

Tukamwonyesha mlango wa nyuma, mpana, hauna kizuizi. Akasema huko kunanuka mwani. Na sisi, Mungu atusamehe, kwetu mgeni hakatazwi. Tukafungua nati nane, chuma tukakilaza nyuma ya jenereta. Bi Mwatum alipopata habari huko Tunguu alikata simu bila ya kuaga.

Bi Khamisa, mkaushaji mwani, ndiye aliyetusuta: "Mmefungua kwa mgeni wa saa mbili. Kesho magunia mia tatu yanapanda juu. Chini anakaa nani, yeye?"

Tukaona swali zuri. Ndiyo maana meza kuu tumeipanga hapo hapo chini, kando ya pengo la mlangoni. Usihofu, leo upepo umelala.

OMBI
Ni moja tu. Mwenyezi Mungu akuzidishie afya, akupe na shingo yenye kuinuka kutoka kwenye simu. Sasa funua kawa iliyo mbele yako. Usitafute mkasi wa utepe. Mna spana na nati nane. Chuma kimesharudi mlangoni, Msabah na Yussuf wamekishika, nacho ni kizito. Inuka ukaze nati ya kwanza. Saba tutamaliza sisi, nawe utatokea mlango wa nyuma, usioinamisha mtu.

Ni sisi, Mafundi Vyuma wa Mwanakwerekwe na Wakaushaji Mwani wa Jambiani. Msomaji ni Gharib Makungu, na sikai mpaka uinuke.