Mlango wa Fundi Miwani

Sogeeni wanangu, sauti yangu haifiki mlangoni tena. Wewe binti yangu kaa kulia, na wewe mwanangu kushoto, maana mwaka mzima hamjakaa chumba kimoja, na mimi baba yenu nimeshindwa kuwapatanisha.

Nyumba ni yenu, nusu kwa nusu. Mashine ya kujalidi vitabu apewe atakayeitumia. Kinachonitoa machozi ni ufunguo huu.

Mnamkumbuka Fundi Miwani, jirani yetu wa dukani, Myahudi pekee katika jengo lile la maduka yetu, aliyekuwa akinitania kwamba navivalisha vitabu nisivyovisoma. Vita vilipozuka katika nchi ya mbali ambayo hajawahi kuikanyaga, mtu alimwandikia mlangoni kwa rangi nyekundu: MUUAJI. Wenye maduka tukaitisha kikao, mimi nikiwa katibu. Mmoja akasema hiyo ni chuki dhidi ya Wayahudi; mwingine akasema la, ni hasira juu ya serikali ya nchi ile ya Wayahudi, na serikali husemwa. Kweli husemwa, lakini Fundi Miwani hakuwa serikali, alikuwa mpima macho. Nililijua hilo nikanyamaza, nikaandika kwa mkono huu: rangi isifutwe, ni ushahidi, mpaka tukubaliane iitweje. Tukakaa vikao vitatu, na kila asubuhi yeye anafungua duka chini ya neno lile. Baada ya kikao cha tatu akanikabidhi ufunguo huu wa duka lake, akasema, "Katibu, mkishalipatia jina, mniambie." Akahama, hakuacha anwani. Maji yakimwagika hayazoleki, wanangu.

Nawe binti yangu, ulipoandika kwamba watoto wanaouawa katika vita hivyo ni watoto, na serikali ile iwaache, mwalimu mkuu alikufukuza kazi akikuita mwenye chuki hiyohiyo. Jina tulilosita kulitamka kwa ajili ya Fundi Miwani, wewe ulibandikwa mchana kweupe, nami sikuwa na la kukufanyia. Ndiyo maana unasema jina hilo limekuwa rungu la kuziba watu midomo, na kaka yako, aliyempenda mzee yule, anasema unawakingia kifua wenye kopo la rangi. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Kila mmoja wenu anausikia wa kwake tu. Chuki ile ipo, nimeiona ikikauka mlangoni. Kusingiziwa nako kupo, nimekuona ukilia kwa ajili yake mezani petu. Moja haliondoi jingine, na mimi sijui kuwasaidia zaidi ya hapo.

Rangi bado ipo mlangoni pake, chini ya magazeti niliyobandika kwa aibu. Wembe na mafuta ya taa vimo kwenye droo ya juu. Nendeni wawili, mkwangue, kisha mmtafute popote alipo. Mwambieni katibu aliomba radhi.

Mungu awape... nipeni maji kidogo. Awape macho ya...

Mbona mnaanza tena? Mwache dada yako amalize. Na wewe, mwanangu, nawe... Nawasikia, ninyi hamnisikii.

Mungu awaweke pamoja. Ufunguo umeanguka. Jamani, mmoja wenu auokote.