Profesa Veronica Kachana Adiali, Mlezi wa Uchumi wa Kilimo

Waheshimiwa mapadre, machifu, wakulima na ndugu wote mliofika kutufariji, kwa niaba ya ukoo wa Adiali nawasomea safari ya mpendwa wetu.

Profesa Veronica alizaliwa tarehe 9 Machi 1944 hapa Navrongo, mtoto wa tatu wa Mzee Adiali na Mama Kawia, akasoma shule ya misheni, kisha sekondari Tamale, akapata shahada ya kilimo Kumasi mwaka 1968, na ya uzamivu katika uchumi wa kilimo huko Ibadan mwaka 1976, ingawa wenzake walimcheka wakisema, “Dada, mkulima anataka mbolea, huo uchumi ataula?”

Tarehe 27 Desemba 1971 alifunga ndoa na Mwalimu Linus Apiu, wakajaliwa watoto watatu, Bernadette, Cletus na Kwotua.

Mwaka 1977 alianzisha somo la uchumi wa kilimo katika chuo chetu cha kilimo, wanafunzi saba, darasa lao ghala la mbegu, na kila mmoja alilazimika kuishi msimu mzima kwa mkulima, aandike nani alilima, nani alipalilia na nani aliuza. Mwaka 1988 nyanya zinazomwagiliwa kwa maji ya bwawa letu zilipooza kwa sababu vijiji vyote vilivuna wiki moja na soko likafurika, yeye na wanafunzi wake walivipangia vijiji zamu za kupanda, na msimu uliofuata hakuna kapu lililorudi nyumbani na nyanya.

Hata hivyo, tarehe 14 Juni 1990 baraza la chuo liliketi kulifuta somo, likidai halina faida. Profesa hakubishana, aliomba tu asikilizwe mkulima mmoja, Mama Asibi Nyaaba, naye akasimama akasema, “Wanangu, kulima tulijua kabla hamjazaliwa, ila nyanya zetu tulikuwa tunalisha mbuzi. Huyu binti ndiye aliyetufundisha wakati wa kupanda ili tuuze. Mfukuzeni, halafu nyanya mkanunue kwa mbuzi!” Wajumbe waliangua kicheko, kura zikapigwa, somo likabaki, mwaka 1994 likawa idara kamili chini yake, na alipostaafu mwaka 2009 wahitimu walikuwa 1,216, ambao baadhi yao ndio waliobeba jeneza hili.

Maradhi ya figo yalimwanza Agosti 2021. Wiki moja kabla ya kutuaga bado alisahihisha tasnifu kitandani, akamwambia mwanafunzi aliyeiandika, “Umeandika vizuri, lakini mkulima yuko wapi humu? Rudi shambani.” Alifariki tarehe 3 Februari 2023, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, walimu wenzake, na kina mama wa bwawani, ambao leo, katikati ya mavuno, wamefunga soko zima waje kumzika.

Kapumzike, Mama yetu, kwa amani na kwa heshima.