Rebeka na Jino Ambalo Halikuguswa

Mchungaji, wazee wa ukoo shikamooni, majirani wa Buswelu na wote mliofika kutoka Mirongo, Ilemela na ng'ambo ya ziwa, historia hii inasomwa na Evelina Shimba, shangazi wa marehemu, kwa niaba ya baba na mama, na kwa kuwa maneno ya upole yamesemwa tangu juzi mpaka yamejaa turubai hili, familia inaomba asiyeweza kuvumilia maneno makali asogee kule jikoni akanywe chai, kwa sababu aliyelala ndani ya jeneza hili ni mtoto wa miaka sita, kilichomuua ni jino, na mdogo wake Winnie, aliyepakatwa na mama yake pale mkekani, ana jino lenye shimo kama lile lile mdomoni mwake.

Marehemu Rebeka Yakobo Shimba alizaliwa hapa Buswelu siku ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 2019, akiwa mtoto wa kwanza wa Yakobo Shimba, fundi wa injini za boti kule Ilemela, na mkewe Getruda, fundi cherehani wa Mirongo, ambaye uchungu ulimkuta akiwa anamalizia sare za kwaya, akazimaliza kwanza ndipo akakubali kupelekwa zahanati, na mtoto akatoka na sauti ya kudai haki yake kiasi kwamba bibi yake, mama Dorcas, alisema huyu hatuibiwi na mtu.

Kuhusu elimu, Rebeka alianza darasa la awali Januari 2024 katika shule ya msingi ya hapa jirani, akaingia darasa la kwanza Januari 2025, na tangu alipojua kuunganisha silabi hakuacha kitu bila kukisoma, alisoma magunia, kuta za maduka na migongo ya fulana za watu, na bibi yake alipomtuma dukani akalete mchere, alimjibu kwa adabu zote, "Bibi, mwalimu anasema ni mchele," akakimbia kabla hajashikwa sikio, na bibi yake amelisimulia jambo hilo tangu Jumatano, akifika kwenye neno lenyewe anaanza tena mwanzo.

Baada ya elimu, kwa desturi yetu husomwa kazi, halafu ndoa, halafu watoto, na familia ilipokaa jana kuandika historia hii tulifika hapo tukakwama, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuokota vipande vya vitenge chini ya cherehani ya mama yake, na kuhusu ndoa tuseme nini, mtoto alikuwa hajang'oka hata jino moja la mbele, ila amemwacha mwanasesere wa matambara aliyemshona kwa mikono yake mwenyewe, mmoja, mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake. Inatuuma, na tunataka iwaume na ninyi.

Sasa tusome ugonjwa, na hapa tunaomba msikilize bila kunong'onezana. Mwezi Desemba 2024 Getruda aliona doa jeusi kwenye gego la chini, upande wa kushoto, baadaye doa likawa shimo, mtoto akaanza kutafuna upande mmoja na kulia akinywa maji ya baridi, na tarehe 11 Februari 2025 mama yake alifunga cherehani mchana kweupe, akampeleka kwa daktari wa meno Muganyizi pale Mirongo, ambaye alimpakata mtoto, akamtazama bila haraka, kisha akamwambia mama maneno ambayo Getruda anayakumbuka yote, "Mama Rebeka, uozo umefika kwenye mshipa, lakini jino bado liko hai, tunasafisha, tunaondoa ile sehemu ya mshipa iliyoharibika, tunaweka dawa, halafu tunalivisha kofia ya chuma, likae mpaka wakati wake, maana magego ya utoto hayang'oki sasa hivi, hili litamfikisha darasa la nne au la tano, tukiliacha litakufa, na usaha ukishashuka hauombi mtu ruhusa." Akampa siku ya kurudi.

Siku hiyo ya kurudi haikufika. Lilipoelezwa jambo hili kwenye kikao cha familia, mzee Shigela, babu wa marehemu, ambaye tunamheshimu, na heshima hiyo hiyo ndiyo inayotufanya tuseme mbele yake wala si nyuma yake, aliuliza, "Hivi wewe mkwe, unapaka rangi banda la kubomoa? Hilo ni jino la utoto, litang'oka lenyewe," na kikao chote kikacheka, wajomba wakacheka, mashangazi wakacheka, Yakobo naye akacheka kwa kuwa wazee walikuwa wanacheka, na Getruda, aliyeolewa akafundishwa kwamba mkwe hajibizani na baba mkwe, aliinama akakusanya vikombe, akatoka navyo nje, akasuguasugua hata vilivyokuwa visafi. Neno lenyewe ndilo lililotuponza, jino la utoto, kana kwamba utoto ni kitu cha kupita nje ya mwili, kana kwamba jino hilo halina mzizi, halina damu, halikupandwa kwenye taya lile lile atakalotafunia ukubwani.

Kuanzia hapo mtoto alitibiwa na kila mtu isipokuwa daktari, huyu karafuu, yule vidonge vya kutuliza maumivu, jirani mwingine maji ya chumvi, mpaka mwezi Aprili maumivu yakakoma ghafla, na Jumapili ya Pasaka, tarehe 20, familia nzima ilikwenda mbele ya kanisa kutoa shukrani kwamba Rebeka amepona jino, tukapigiwa makofi na vigelegele, na babu akasema, mnaona sasa, na kati yetu sote ni Getruda peke yake ambaye hakupiga makofi. Jino lilikuwa limekufa, ndugu zangu, jino lililokufa haliumi, na sisi tulikuwa tumesimama madhabahuni tunashukuru kwa kifo chake, wakati usaha unashuka chini ya taya taratibu bila kelele.

Jumamosi ya tarehe 17 Mei Rebeka aliamka amevimba chini ya kidevu, na kwa kuwa watoto watatu wa darasa lake walikuwa wameugua matubwitubwi, wajuzi wa hapa mtaani walisema ni hayo hayo, wakampaka majivu, wakasema asitolewe nje kwenye upepo, mama akasema ni jino, wakamwambia jino si lilipona, na Jumatatu asubuhi mtoto alikuwa hawezi kumeza mate yake, ulimi umeinuliwa na uvimbe, sauti imebadilika, ndipo Yakobo alipombeba mbio hospitali ya rufaa, ambako madaktari walimpokea mlangoni, wakampasua kutoa usaha, wakamwekea hewa, wakapigana naye usiku na mchana, lakini sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu, na Jumatano tarehe 21 Mei 2025, asubuhi, Rebeka alifariki dunia, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mama yake.

Tangu jioni ya siku hiyo yamezuka maneno chini ya turubai hili, kwamba mtoto aliuawa na kuchokonolewa meno, kwamba watoto wasipelekwe tena kwa madaktari wa meno, na wengine mmefikia kumwambia Daktari Muganyizi, aliyekuja kutupa pole, kwamba hana haya, ndiyo maana amesimama nyuma kabisa wakati viti vipo. Sikilizeni vizuri. Jino la Rebeka halikuguswa na mtu. Halikusafishwa, halikuwekewa dawa, halikuvishwa kofia, halikung'olewa, liko mdomoni mwake hadi sasa ndani ya jeneza hili, na lingeguswa Februari, leo hii angekuwa shuleni anasahihisha watu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya rufaa, ambao tuliwapelekea mtoto tumeshachelewa na hawakutusimanga, inawashukuru mafundi cherehani wa Mirongo waliomshonea gauni jeupe alilovaa, mafundi boti wa Ilemela, Mwalimu Bernadeta na wanafunzi wa darasa la kwanza, majirani waliobeba maji na kuni, na inamshukuru Daktari Muganyizi, ambaye tunamwomba mbele ya wote asogee huku akae na wafiwa. Wenye maneno ya mtaani hatuwashukuru, ila chakula kipo, mle.

Jambo la mwisho ni la Winnie. Jana usiku kikao kiliamua kwamba jambo lake lisubiri matanga yaanuliwe, kwa kuwa mama mfiwa haondoki mkekani, na pia kwamba lake ni jino la utoto tu, maneno hayo yalisemwa tena, hatua chache kutoka kwenye jeneza. Yakobo Shimba, baba wa marehemu, ametutuma tuwatangazie kwamba uamuzi huo ameukataa, na kwamba tukishafukia kaburi, Getruda harudi mkekani, anapanda gari na Winnie moja kwa moja hadi Mirongo, jino likatibiwe leo likiwa bado linauma, maana sasa tunajua kuuma ni uhai. Mwenye mila ya kumzuia asimame sasa hivi, aje hapa mbele, amwinamie Rebeka na kumwambia usoni kwamba la mdogo wake litang'oka lenyewe, nasi tutanyamaza ili tumsikie vizuri.

Pumzika wewe, Rebeka, mwanetu. Mama yako ana safari.