Paswedi Tuliyoipigia Kura

Benchi letu limeegemea ukuta wa kibanda cha fundi viatu, na asubuhi ile halikukalika. Waya, fundi umeme, alikuwa anaketi, anasimama, anachungulia simu, anaketi tena. Nyumbani ana kompyuta kuukuu inayoendesha kamera ya chumbani kwa mama yake, ambaye siku hizi huanguka ovyo, na Waya akiwa kazini humwona kwenye simu. Sasa jana sauti ya mwanamume imetoka kwenye ile kamera, ikamsemesha mama wa watu kitandani. Mama anataka kamera itolewe, na ikitolewa Waya hawezi kwenda kazini. Kwa kweli iliniuma.

— Kaa basi, unatutia kizunguzungu, alisema Breki, dereva mstaafu.

— Nikae vipi? Dunia nzima inaingia chumbani kwa mama yangu!

— Si wewe uliyefungua mlango kwenye ruta, kile kisanduku cha intaneti, ili uione kamera ukiwa kazini?

— Mliniambia nyie! "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Nani alisema?

Fundi viatu, tunayemwita Profesa, akapuliza kahawa yake.

— Nilisema, na sirudi nyuma. Kosa lako hukubadilisha namba ya mlango. Mwizi hawezi kuhesabu kupita elfu moja.

— Mwizi gani huyo, wa chekechea?

— Hiyo ni setilaiti, alisema Breki. Inapita juu ya bati, inavuta picha kama sumaku. Funika paa kwa sufuria.

— Sufuria ngapi, mzee wangu?

— Haba na haba hujaza kibaba.

— Au kompyuta yenyewe ndiyo inaongea, alisema Profesa. Imekaa na mama mpaka imemzoea. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Waya akaruka tena.

— Acheni utani jamani! Kuna mtu kanishauri nifunge mlango kabisa, niweke njia ya faragha, ufunguo niwe nao peke yangu, kwenye simu.

— Peke yako! Na sisi je? Breki aling'aka. Umoja ni nguvu, bwana. Paswedi ya kamera tuliichagua hapa hapa, kwa kura!

— Na ilipita kwa kishindo, alisema Profesa.

Hapo akatokea mwanamke aliyevaa sare ya uuguzi. Hatukuwahi kumwona.

— Dada! Waya alishtuka. Mama yuko na nani?

— Na jirani. Shikamooni wazee.

— Marahaba.

— Kaka, mama amekumbuka ile sauti ilivyosema. Ilisema, "Mama Waya, umeamkaje?" Anauliza, huyo Waya ni nani?

Jina hilo tulimbandika sisi, kwenye benchi hili, na kwao halijawahi kufika. Profesa akanywa kikombe kitupu. Breki akaanza kukohoa, akaacha. Mimi nikatazama viatu vyangu, nikaona aibu.

Waya akaketi, akatulia. Akatuangalia mmoja mmoja.

— Mjibuni dada yangu, alisema.