Mti wa Onésime Berland

Marehemu Onésime Berland, ambaye tunamzika leo Ijumaa, tarehe 12 Machi 1858, alizaliwa tarehe 14 Novemba 1797 katika parokia ya Mtakatifu Aubin, kando ya Mto Lorenti. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto saba. Mimi Zacharie, ninayesoma, ndiye wa mwisho. Padri ameniomba nisome polepole. Nitajaribu, ingawa tangu Jumanne akili yangu haijarudi mahali pake.

Masomo yake yalikuwa majira mawili tu ya baridi kwa padri wa parokia. Alijifunza kusoma, kuandika na kupiga fidla, ingawa fidla hakufundishwa na padri.

Mwaka 1816 aliajiriwa na Kampuni ya wanunuzi wa ngozi kama mpiga kasia, na kuanzia 1829 alisimamia biashara ya ngozi hapa Mwamba Mwekundu. Ninyi wawindaji mnamjua. Alipuliza manyoya ya kila ngozi, iwe ya mbweha au ya biva wa mtoni, ili aone yaliyo chini, kisha akaanza maneno yake.

"Huyu biva umemuua kiangazi, shemeji! Hana hata koti!"

"Wewe koti unalo, mbona umekonda?" mwindaji mzee Wapistikwan alimjibu siku moja. Duka zima liliangua kicheko, na Onésime ndiye aliyecheka zaidi.

Julai 1831 alimbeba mgongoni mwenzake aliyevunjika mguu, siku tatu nzima, kwenye njia ya kukwepa maporomoko. Wapiga kasia wakampa heshima tunayoijua sote: waliukwea msonobari mrefu uliokuwa pale rasini, wakafyeka matawi ya katikati, wakaacha kishungi juu, wakachonga jina lake chini ya shina. Mti ukisimama, na mwenyewe amesimama; ukianguka, naye haishi. Miaka mitatu baadaye Mkaguzi wa Kampuni naye alipewa wake, hatua thelathini pembeni. Akanywa ramu yake peke yake, bila kuwamiminia vijana hata tone. Hilo hatujalisahau.

Tarehe 3 Juni 1832 alimwoa Nipisis, binti wa Wakrii, wenyeji wa ng'ambo ya mto, kwa desturi ya nchi. Padri alipofika miaka tisa baadaye kuibariki ndoa, mabinti wao wawili ndio walioshika mishumaa.

Hakuugua. Hapo ndipo ninaposhindwa kuelewa. Theluji ilivunja boriti ya paa la duka, na Jumanne tarehe 2 alinituma nikalete nyingine.

"Lete iliyonyooka, mdogo wangu, isiwe kama miguu yako."

Nikaona nimkomeshe Mkaguzi, mti wake utubebee paa. Wa Mkaguzi ni wa kushoto. Kwa miaka kumi na minane nimeitazama miti hiyo nikiwa mtumbwini. Siku hiyo nilikuja kwa sleji ya kuvutwa na mbwa juu ya theluji, kutoka nchi kavu, kwa nyuma, na wa kushoto ukawa wa kulia. Sikuliwaza hilo. Theluji ilinifika kifuani. Nilikata juu yake, na jina likabaki limefukiwa.

"Kaka!" nilipaza sauti nilipofika. "Mkaguzi amekuja kutushikia paa!"

Onésime alitoka, akakitazama kile kishungi kwa muda mrefu, halafu akacheka.

"Mzigo mzuri," alisema. "Ingia unywe chai."

Jumamosi alipiga fidla mpaka Nipisis akamnyang'anya. Jumanne tarehe 9, saa nne asubuhi, alikuwa akipuliza ngozi ya mbweha. Aliketi juu ya gunia, akafa, ngozi bado ikiwa mkononi. Nilikuwa namwambia jambo, na nilimalizia sentensi yangu kabla sijajua.

Hatukuwa na mbao za jeneza ila masalio ya gogo lile la boriti, nayo hayakutosha. Jumatano nilirudi rasini kuchukua kipande kilichobaki chini ya theluji. Nikachimba, nikasoma: ONÉSIME 1831. Nilikaa pale mpaka mbwa wakaanza kulia.

Nilimwendea shemeji yangu Nipisis, nikapiga magoti. Nilitaka anifukuze.

"Inuka, shemeji," aliniambia. "Alijua siku ileile. Aliniambia, 'Zacharie kaukata wangu. Nyamaza, akijua hatalala tena.'"

"Aliogopa?"

"Aliogopa, ndiyo. Usiku ule alinishika mkono hadi kulipokucha. Halafu akatoka kukuita unywe chai tena."

Wiki nzima ile aliniita kunywa chai kila asubuhi, nami nilikunywa nikitamba juu ya mti wa Mkaguzi.

Marehemu ameacha mke, Nipisis, mabinti, Philomène na Rosalie, wajukuu watano, na mdogo wake huyu, aliyeuangusha mti wake na kuupasua mbao kwa mikono hiihii. Jina lake liko kwenye ubao wa chini, mgongoni pake; shemeji hakukubali nilirande. Mti wa Mkaguzi bado umesimama.

Kaka Onésime, lala kwa amani ndani ya mti wako.