Bi Mashavu Kheir, Aliyekataa Kushika Jalada la Shemeji Yake

Mara ya kwanza kukutana na marehemu ilikuwa Jumatatu, tarehe 3 Oktoba 1994, na nilitoka nimeshindwa. Wakati huo mimi, Ubwa Shaame, niliyekuja mjini kutoka Tumbatu, nilikuwa nauza misumari na bawaba juu ya meza ya mbao pale Darajani, na nilitaka kibali cha kufungua duka. Marehemu alikuwa karani katika ofisi ya Serikali iliyokuwa ikitoa vibali hivyo. Nilikwenda na feni mpya ya meza, ndani ya boksi lake. Mbele yangu palikuwa na watu kama thelathini, nami nikiamini feni ile itanirusha juu ya vichwa vyao wote.

"Ya nani hii?" akaniuliza.

"Yako, Bi. Joto hili!"

"Ahsante sana. Ofisi inaipokea."

Akafungua daftari la zawadi, akaandika, akanipa kalamu nitie saini. Kisha akaibeba mwenyewe mpaka barazani, kwenye mabenchi ya wanaosubiri, akaiwasha. Juu ya boksi akabandika karatasi kwa ule mwandiko wake mzuri: "Feni hii imeletwa na Ubwa Shaame wa Darajani, anayeomba kibali cha duka. Kibali bado."

Nilikaa kwenye foleni siku nne nikipulizwa na feni yangu mwenyewe. Watu wote wakanijua. "Ubwa, ahsante, upepo sie tushaupata! Wewe je, ushapata?" Bibi mmoja akaniomba niigeuze kidogo upande wake. Kibali nilikipata wiki ya sita, zamu ya jalada langu ilipofika, na si siku moja kabla.

Familia imeniomba mimi nisome wasifu huu katika hitma yake leo, Jumamosi tarehe 8 Februari 2025. Nadhani wamenichagua kwa sababu hapa ndani hakuna aliyembana kwa maombi kuliko mimi, wala aliyekataliwa mara nyingi zaidi.

Marehemu Bi Mashavu Kheir Mabrouk alizaliwa Uroa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa Mzee Kheir Mabrouk, mvuvi, na Bi Tabia, aliyekuwa akisuka ukili na kuuza mikeka. Alisoma skuli ya msingi hapohapo Uroa, kisha akaletwa mjini kwa mama yake mdogo, Kikwajuni, kusoma sekondari. Wenzake wa darasa wanasema alichaguliwa kuwa kiranja mwaka wa kwanza, na mwaka wa pili wanafunzi wakaomba asichaguliwe tena. Alichaguliwa.

Aliajiriwa Serikalini tarehe 1 Julai 1982, akianza na kazi ya kupanga majalada. Alipanda cheo pole pole mpaka mwaka 2001 alipokabidhiwa usimamizi wa watumishi wote wa ofisi yake. Hapo ndipo wengi wenu mlipomjua kwa daftari la mahudhurio. Saa moja na nusu kamili alikuwa akipiga mstari mwekundu chini ya jina la mwisho lililoandikwa. Ukija baadaye unaandika jina lako chini ya mstari, na pembeni unaeleza sababu, na sababu yako inasomwa mbele ya wenzako mkutano wa Ijumaa. Bi Wanu, mliyefanya naye kazi miaka mingi na yupo hapa leo upande wa kina mama, aliniambia kuwa watu walikuwa hawaogopi barua ya onyo. Walikuwa wanaogopa Ijumaa.

Siku moja ya mwaka 2002 jina la chini ya mstari lilikuwa lake. Alikuwa anatoka ukweni Makunduchi, na pale Jozani gari zilisimama kima punju wavuke barabara. Akaandika: "Mashavu Kheir. Nimechelewa dakika kumi na moja." Akajiandikia na barua ya onyo, akampelekea mkurugenzi aisaini.

Mkurugenzi akacheka. "Bi Mashavu, si umesema ni kima? Hawa si tungewaita waje watoe ushahidi?"

"Aliyechelewa ni mimi, bwana mkubwa. Kima wao wamefika walikokuwa wanakwenda."

Barua ikasainiwa. Ijumaa akaisoma mwenyewe. Hiyo ndiyo barua pekee ya onyo iliyopatikana kwenye jalada lake alipostaafu.

Aliolewa mwaka 1986 na Bwana Silima Hamid, mwalimu wa hesabu, aliyetangulia mbele ya haki mwaka 2017. Walijaaliwa watoto wawili, Riyama na Anuar. Mwalimu Silima alikuwa mtu wa mzaha. Alikuwa akisema kwamba nyumbani kwake hakuna mstari mwekundu, lakini chai ikipoa hakuna wa kuipasha.

Na sie tukawa ndugu hivi. Katika zile siku nne za foleni nilimwona mdogo wake marehemu, Tahiya, akimletea chakula cha mchana. Nilipotuma ujumbe wa posa, marehemu, kama dada mkubwa, aliniita, akaniuliza swali moja tu: "Una ombi lolote lililobaki ofisini kwangu?"

"Sina."

"Basi waambie wazee wako waje."

Tulifunga ndoa mwaka 1996. Nikajisemea, Ubwa, sasa una mtu ndani. Miaka saba niliyokuwa na mtu ndani nilipeleka maombi manne: duka la pili, ghala, kuongeza ukubwa wa duka la kwanza, na duka la tatu. Kila jalada langu likifika mezani kwake alikuwa akiandika juu yake: "Mwombaji ni mume wa mdogo wangu. Naomba nisilishike." Akampa Bi Wanu. Na Bi Wanu, kwa kuogopa asije akaambiwa anambeba shemeji wa mkubwa wake, alikuwa akinisoma mstari kwa mstari kama msahafu. Yote manne yalirudi, na kusema kweli yote manne yalikuwa na kasoro.

Juni 2003 ikaja barua isiyo na jina kwamba Mashavu Kheir anampa vibali shemeji yake mfanyabiashara. Akasimamishwa kazi kwa nusu mshahara, akaitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Akitiwa hatiani anafukuzwa, na miaka ishirini na moja ya utumishi inapotea pamoja na kiinua mgongo. Watoto wote wawili walikuwa bado skuli.

Marehemu hakuniomba nimsemee. Alisema shahidi haombwi na mtuhumiwa. Aliyeniambia ni Tahiya.

Nikamwambia mke wangu, "Mama Faiza, mie nina ombi la tano mezani wiki hii. Ile pembe ya Darajani, pale penye njia panda, yenyewe hasa. Nikisimama pale wataniuliza habari za feni, na nikikubali nilikwenda na zawadi, pembe nishaikosa."

"Basi ishakosekana," akasema Tahiya. "Kavae kanzu."

Nilikwenda na mfuko wa plastiki. Mie karatasi huwa situpi. Ndani yake mlikuwa na barua zote nne za kukataliwa. Marehemu alikaa upande wa pili, ameshika mkoba wake magotini. Kabla hatujaingia aliniambia neno moja tu: "Shemeji, usinipambe. Sema lilivyo."

Mwenyekiti akaniuliza, "Bwana Ubwa, shemeji yako amekusaidia nini katika biashara zako?"

"Hajanisaidia kitu, Mheshimiwa. Na ushahidi ninao."

Nikazipanga barua mezani moja moja. Majalada yenyewe yakaletwa, na mjumbe mmoja akasoma yale maandishi ya juu yake, "naomba nisilishike," mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne hakuisoma, aliionesha tu kwa wenzake.

"Unayasema haya kwa furaha au kwa uchungu?" akauliza mwenyekiti.

"Kwa uchungu, Mheshimiwa. Lakini andika."

Chumba kizima kilicheka, na kwa mara ya kwanza katika miezi miwili nilimwona marehemu naye anacheka, mkono mdomoni. Kisha wakaniuliza habari za zawadi, nikaeleza feni ilivyokuwa. Daftari la mwaka 1994 likaletwa, na saini yangu ilikuwemo.

Tarehe 1 Septemba 2003 Bi Mashavu alirudi kazini. Bi Wanu anasema aliingia saa moja na dakika kumi, akavuta kiti chake, akaomba daftari. Alitumikia miaka mingine kumi na minane, akastaafu tarehe 14 Machi 2021 kwa heshima zote.

Maradhi ya figo yalianza mwaka jana mwezi wa Mei. Siku moja hospitali, muuguzi aliyekuwa mtoto wa mtumishi wake wa zamani alimwita apite mbele. Riyama akamwambia, "Mama, nenda, unaitwa." Akamjibu, "Nnasikia. Lakini huyu bwana kanitangulia." Alifariki nyumbani kwake Kikwajuni, Jumatano tarehe 5 Februari 2025, baada ya sala ya asubuhi, watoto wake wakiwa pembeni, na akazikwa Uroa siku hiyohiyo baada ya sala ya alasiri.

Ameacha watoto wawili, Riyama na Anuar, wajukuu watano, mdogo wake Tahiya, mwanetu Faiza, na watumishi wengi sana ambao mpaka leo, ikigonga saa moja na nusu, wanatazama mlango.

Sasa nani alipata nini. Pembe ya Darajani niliikosa. Kamati iliandika kwamba nilijaribu kutoa zawadi, ombi langu likawekwa kando mwaka mzima, na pembe akapewa mwengine, ambaye anaendelea vizuri, nami nampita kila siku. Marehemu alirudishiwa kazi yake na jina lake. Lakini naye alikuwa na alichokikosa: tangu mwaka 1994, kwa kuwa mimi ni mwombaji, hakuwahi kununua kwangu hata msumari mmoja. Vitasa vya nyumba yake alikuwa akinunua mbali, kwa bei ya juu, akijua.

Tarehe 15 Machi 2021, siku moja baada ya kustaafu, alisimama dukani kwangu mapema, nimefungua mlango mmoja tu.

"Shikamoo, Shemeji," nikamwambia, ingawa kwa miaka hatupishani sana.

"Marahaba. Mie sasa raia. Kitasa hiki bei gani?"

Nikamtajia. Akavuta kiti. Alinibana muda wa saa nzima, mpaka wateja wakakusanyika kusikiliza, na alipoondoka nilikuwa nimemuuzia chini ya bei niliyonunulia. Akacheka mpaka mlangoni. Kesho yake akarudi kutafuta rangi.

Mwenyezi Mungu amsamehe alipokosea, ampanulie kaburi lake, na ampokee kwa amani mtumishi aliyemaliza zamu yake. Amin.